Kapelani Michezoni: Padre Anatafuta Nini Kambini kwa Wachezaji?



Likizo hii nikiwa nyumbani Mbebe, kijana mmoja wa VIWAWA aliniuliza baada ya Misa: “Frateri, hivi AFCON ikija kwetu, Kanisa nalo litakuwepo uwanjani? Au mapadre wataangalia kwenye kibanda umiza kama sisi?” Wenzake walicheka sana. Mimi niliona swali ni zito, nikamwambia nitalijibu kwa maandishi ili na wengine wafaidike. Basi somo letu ndilo hilo: utume wa kapelani kwenye mashindano makubwa ya kimataifa, na jinsi kijana wa kawaida anavyoweza kujitolea katika utume huo.

Kabla ya kuendelea, chukua Biblia yako usome taratibu sehemu hizi: Matendo 18:1-11, 1 Wakorintho 9:19-27, Warumi 12:15 na Luka 24:13-35. Ukizisoma kwanza, haya yanayofuata utayaelewa vizuri zaidi.

1. KAPELANI NI NANI?

Kapelani ni mtu aliyetumwa na Kanisa kuwahudumia watu mahali ambapo parokia ya kawaida haiwafikii kirahisi: hospitalini, gerezani, jeshini, chuoni, bandarini. Watu wa sehemu hizo wote wako mbali na nyumbani, au wanaishi kwa ratiba ambayo hawakuipanga wao. Mchezaji kwenye mashindano makubwa naye yuko hivyo hivyo. Analala kambini, anakula kwa saa aliyopangiwa, kutoka getini mpaka ruhusa, na Jumapili yake inaweza kuwa ndiyo siku ya mechi. Ni Mkristo kama wewe, lakini kwenda kanisani siku hiyo hawezi. Basi Kanisa linamfuata.

Kwenye Olimpiki jambo hili limepangwa rasmi. Ndani ya kijiji cha wanamichezo waandaaji huweka kituo cha dini. Paris mwaka 2024 kituo hicho kilihudumia dini tano chini ya paa moja: Wakristo, Waislamu, Wayahudi, Wahindu na Wabudha. Kwa upande wa Kanisa Katoliki, Baba Mtakatifu alimteua Askofu Emmanuel Gobilliard wa Jimbo la Digne kuwa mjumbe wake maalumu kwenye michezo ile. Kati ya makapelani alikuwepo Padre Jason Nioka, aliyepewa daraja la upadre mwaka huohuo wa 2024, na ambaye kabla ya wito wake alikuwa mchezaji wa judo wa kiwango cha juu. Katikati ya jiji, katika Kanisa la Madeleine, ilitengwa kapela ya Bikira Maria wa Wanamichezo, ili mchezaji au mtazamaji yeyote apate pa kuingia na kusali.

Kazi zenyewe ni zipi? Kuna Misa, kuna kitubio, kuna kusoma Neno la Mungu pamoja. Hizo tunazijua. Lakini sehemu kubwa ya muda wa kapelani ni kukaa. Anakaa pale, mlango uko wazi, anayetaka anaingia. Hazunguki vyumbani kuwashawishi watu wabadili dini. Hilo haliruhusiwi, na hata lingeruhusiwa lisingefaa. Makapelani wengi ni watu wa kujitolea, halipwi mtu. Na timu yao haina mapadre peke yao. Kuadhimisha Ekaristi na kuungamisha ni kazi ya padre, hiyo haina mjadala. Lakini kusikiliza, kusali pamoja na mtu, kutafsiri lugha, kumwonyesha mgeni kanisa liko wapi na Misa ni saa ngapi, hizo mtawa anaweza, frateri anaweza, na wewe mlei unaweza.

2. PAULO NA MICHEZO YA KORINTHO

Msidhani utume huu umeanza juzi. Jirani na mji wa Korintho, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu, palikuwa na mahali panaitwa Isthmia. Kila baada ya miaka miwili watu walikusanyika pale kutoka pande zote za Ugiriki na ng'ambo ya bahari kwa mashindano makubwa. Kulikuwa na mbio, mieleka, ngumi, magari ya farasi. Mshindi alivikwa taji la majani tu: ama ya msonobari, ama ya mmea wa jamii ya giligilani uliokwisha kunyauka.

Sasa soma Matendo 18. Paulo alifika Korintho karibu mwaka 50, akakaa mwaka mmoja na nusu. Alikaa kwa Akila na Prisila na kufanya kazi nao kwa sababu ufundi wao ulikuwa mmoja: kushona mahema. Wataalamu wa Maandiko wanakadiria kwamba michezo ya Isthmia ilifanyika majira ya kuchipua mwaka 51, yaani Paulo akiwa palepale mjini. Na umati ule wa wageni ulilala wapi? Wengi walihitaji mahema. Kwa hiyo si jambo gumu kumwona Mtume akiwa na sindano mkononi, anashona turubai la mtu aliyekuja kuangalia mbio, huku wanaongea habari za uzima.

Ndiyo maana anapowaandikia Wakorintho kuhusu wakimbiaji wengi na tuzo moja, hatoi mfano wa kuokoteza. Anaongea na watu waliouona uwanja kwa macho. Anapolinganisha taji linaloharibika na lile lisiloharibika, wao wanajua kabisa majani yale yalivyokuwa yakinyauka.

Kuna kitu kingine hapa ambacho wasomaji wengi hukiruka. Kabla ya mfano wa mbio (mstari wa 24), Paulo ameeleza namna anavyofanya utume (mstari wa 19 hadi 23): kwa wanyonge amekuwa mnyonge, kwa watu wote amekuwa hali zote, ili awapate baadhi. Yaani mazoezi makali ya Paulo, ile nidhamu ya kuutesa mwili, lengo lake ni kuwa karibu na watu. Hajifui ili amshinde mtu. Huyo ndiye kapelani wa kwanza wa michezo ambaye ningependa mumkumbuke.

3. MANENO MAWILI YA OLIMPIKI YALIYOTOKA KWA WACHUNGAJI

Wengi mnajua kaulimbiu ya Olimpiki: kasi zaidi, juu zaidi, nguvu zaidi. Aliyeibuni alikuwa padre. Ni Henri Didon, Mdominikani wa Ufaransa, mkuu wa shule huko Arcueil karibu na Paris, ambaye aliyatumia maneno hayo kwa Kilatini kwa wanafunzi wake kwenye michezo ya shule mwaka 1891. Rafiki yake Pierre de Coubertin aliyachukua, na mwaka 1894 yakawa kaulimbiu ya harakati mpya ya Olimpiki.

Neno la pili ni lile linalosema kwamba katika michezo jambo kubwa si kushinda bali kushiriki. Watu humpa Coubertin sifa zote, lakini yeye mwenyewe alisema amelipata kwenye mahubiri. Mwaka 1908 michezo ilikuwa London, na Wamarekani na Waingereza waligombana vibaya sana kuhusu waamuzi na sheria. Tarehe 19 Julai Askofu Ethelbert Talbot wa Pennsylvania, wa Kanisa la Episkopali, alihubiri katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo mbele ya wanamichezo. Alianzia na Paulo huyuhuyu wa Korintho. Akawaambia kwamba taji ni la mmoja, lakini furaha ya kushindana ni ya wote. Siku chache baadaye Coubertin akalirudia wazo hilo, na dunia ikalipokea.

Wachungaji hawa wawili hawakuipinga michezo wala hawakuiabudu. Waliwapa vijana neno la kushika. Mwaka 2021 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliongeza neno moja kwenye kaulimbiu ya Padre Didon: pamoja. Na Tanzania, Kenya na Uganda zilipoomba kuandaa AFCON 2027, ombi lao lilijulikana kwa jina hilohilo la Pamoja. Kiswahili chetu kilishafika hapo!

Kama bado kuna mtu anadhani mpira ni mambo ya dunia tu, amsome Mtakatifu Toma wa Akwino. Katika Summa anauliza kama kunaweza kuwa na fadhila katika michezo, na jibu lake ni ndiyo. Anasimulia habari ya Mtakatifu Yohane Mwinjili, ambaye watu walishangaa kumkuta anacheza na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja wao aliyekuwa na upinde avute mshale, tena na tena, kisha akamuuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kupumzika. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Yohane akasema na roho ya mtu iko hivyo, ikikazwa muda wote itavunjika.

4. KAPELANI SI KAMATI YA UFUNDI

Hapa sasa tuongee kwa uwazi, maana wote ni watu wazima. Mnaijua “kamati ya ufundi”. Simaanishi makocha. Namaanisha wale wazee wanaokusanyiwa hela kabla ya fainali, timu inapitishwa mlango wa nyuma, golini panamwagwa kitu, na mchezaji anakatazwa kumpa mtu mkono. Kuanzia ligi ya mbuzi huku vijijini mpaka timu zenye majina, habari hizi tunazisikia kila msimu.

Hatari iliyopo ni kumchukua kapelani na kumpa kazi ileile kwa mavazi mengine. Maji ya baraka yanamwagwa golini. Rozari inafungwa kwenye soksi. Padre anaitwa “atuombee tushinde”, na timu ikifungwa wanasema baraka zake hazina nguvu. Vijana, huo ni uganga wenye kanzu nyeupe. Ukitazama kwa akili tu, bila hata imani, unaona tatizo: timu zote mbili zina Wakatoliki. Kapelani wa kijiji cha wanamichezo anaweza kuwabariki mabondia wawili asubuhi moja, na jioni wakapanda ulingoni kupigana wao kwa wao. Je, Mungu afuate baraka ipi?

Kwa hiyo kapelani haombei matokeo, anamwombea mtu. Anaomba mchezaji acheze kwa haki, asiumie wala asiumize, atumie kipaji alichopewa kwa shukrani, na akitoka uwanjani abaki binadamu mzima. Sala hiyo wachezaji wa timu zote mbili wanaweza kuiitikia “Amina” kwa pamoja.

Kule kwenye falsafa tulifundishwa kanuni moja ya Karol Wojtyła, ambaye baadaye tulimjua kama Mtakatifu Yohane Paulo II. Katika kitabu chake cha mwaka 1960 kuhusu upendo na wajibu, anaeleza kwamba mtu si kitu cha kutumia. Namna pekee inayomfaa mtu ni kupendwa. Sasa angalia mchezaji anavyotazamwa na walio wengi. Kwa tajiri wa timu ni bidhaa ya kuuzwa dirisha likifunguliwa. Kwa shabiki ni furaha ya Jumamosi. Kwa anayebeti ni mstari mmoja kwenye mkeka. Akikosa penalti na mkeka ukachanika, matusi anayoandikiwa usiku huo hata shetani angeyaonea aibu. Anayeandika hakuwahi kumwona kama mtu, alimwona kama hela yake iliyopotea.

Katika kambi nzima kapelani anaweza kuwa mtu pekee ambaye hana faida yoyote kwa ushindi wa mchezaji yule, wala hapati hasara akishindwa. Ndiyo maana mchezaji anaweza kumwambia ukweli. Kocha ukimwambia “naogopa” unawekwa benchi. Kapelani ukimwambia “naogopa”, anakuwekea kiti. Na ndiyo maana kapelani anayebeti, au anayeomba jezi na picha kila saa, ameshaua utume wake. Amejiunga na foleni ya wanaotaka kitu.

5. WALIOSHINDWA NDIO WENGI

Tupige hesabu kidogo. Paris 2024 walikwenda wanamichezo zaidi ya 10,000, na mashindano ya kuwania dhahabu yalikuwa 329. Hata ukihesabu timu zenye wachezaji wengi, sehemu kubwa sana walirudi kwao bila dhahabu, na wengi bila medali ya aina yoyote. Sisi tulipeleka wanamichezo 7, wakarudi mikono mitupu. Mtu amefanya mazoezi miaka minne, mambo yakaisha kwa dakika mbili. Jioni ile, kamera ziko kwa mshindi. Kapelani anatakiwa awe kwa yule mwingine.

Chukua mfano wa furaha yetu wenyewe. Tarehe 15 Septemba 2025 huko Tokyo, Alphonce Simbu alitupatia dhahabu ya marathoni ya dunia. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48, na picha ya mwisho ndiyo iliyoamua. Tofauti yao ilikuwa sekunde 0.03. Sisi tulishangilia, na ilikuwa haki yetu kabisa! Lakini Petros naye ni mtu. Alizaliwa Eritrea, akafika Ujerumani akiwa kijana mkimbizi. Kilomita 42 zote, halafu akakosa dhahabu kwa muda usiotosha hata kupepesa jicho. Kama ungekuwa kapelani Tokyo usiku ule, ungebisha hodi mlango gani? Warumi 12:15 inataka vyote viwili, kufurahi na wanaofurahi na kulia na wanaolia. Cha kwanza hakihitaji mafunzo.

Na Mtanzania anayejulikana zaidi katika historia ya Olimpiki hakushinda chochote. John Stephen Akhwari wa Mbulu, tarehe 20 Oktoba 1968, alianguka kwenye marathoni ya Mexico City akaumia vibaya goti na bega. Walianza wakimbiaji 75, wakamaliza 57, yeye akiwa wa mwisho, zaidi ya saa moja nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake lilikuwa kwamba nchi haikumtuma safari yote ile kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza.

Habari hii tumeisikia mara nyingi, na kila mara tunamtazama Akhwari. Safari hii tazama mguu wake. Picha zinaonyesha bandeji. Kuna mtu alichuchumaa pale barabarani akamfunga. Mtu huyo hakukimbia kwa niaba yake, hakumbeba, hakumwambia “acha, umeshindwa”. Alifunga kidonda, kisha akamwachia njia. Ukiniuliza kazi ya kapelani kwa picha moja, nitakuonyesha bandeji ile.

Bwana wetu alifanya vilevile njiani kwenda Emau. Wale wawili walikuwa wanarudi nyumbani wameshindwa, matumaini yao yameisha. Luka 24 inasema aliwakaribia akatembea nao, akawauliza wanazungumza nini. Yeye ndiye aliyejua habari yote kuliko wao, lakini alianza kwa kuuliza na kusikiliza.

6. TAA ZIKIZIMWA

Kuna jambo gumu zaidi ambalo siwezi kuliacha. Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda, alikimbia marathoni ya wanawake Paris tarehe 11 Agosti 2024, akawa wa 44. Alirudi nyumbani kwake Trans Nzoia, Kenya. Jumapili ya tarehe 1 Septemba, akiwa ametoka kanisani na watoto wake, mwanaume aliyewahi kuwa na uhusiano naye alimmwagia petroli na kumwasha moto. Tarehe 5 Septemba alifariki hospitalini Eldoret, akiwa na miaka 33. Miaka mitatu kabla yake, Oktoba 2021, Agnes Tirop, aliyekuwa wa nne mita 5000 kwenye Olimpiki ya Tokyo, aliuawa kwa kisu nyumbani kwake Iten.

Vijana wa kiume, tusipite hapa haraka. Wadada hawa walikuwa na mbio, walikuwa na fedha walizozitolea jasho, na walikuwa na watu wa karibu waliowaona kama mali yao. Kapelani wa wiki mbili za mashindano hatoshi kwa kidonda cha namna hii. Kinachohitajika ni parokia, jumuiya ndogondogo, mama mlezi, rafiki anayeuliza “huko nyumbani uko salama?” na asiridhike na jibu la kwanza. Kanisa ambalo linamshangilia binti uwanjani lakini halijui anavyoishi nyumbani bado halijamfikia.

Tunao mfano mzuri wa mtu aliyekaa. Bruda Colm O'Connell, Mwairishi wa Shirika la Mtakatifu Patrisi, alifika Iten mwaka 1976 kufundisha jiografia katika Shule ya St. Patrick's. Hakuwa mwanariadha wala hakusomea ukocha. Alikuja kwa muda mfupi, akabaki miongo. Kati ya vijana aliowalea ni Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1500 mwaka 1988, na David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1:40.91 kule London mwaka 2012. Huyu alikuwa nao miaka ambayo hakuna aliyewajua, wakiwa wanafunzi wa kawaida wenye madaftari na viatu vilivyochoka. Utume wa michezo unaanzia huko, muda mrefu kabla ya uwanja mkubwa.

7. NA SISI WA HUKU?

Sasa turudi kwa swali lililotuleta. AFCON 2027 imepangwa kuchezwa Tanzania, Kenya na Uganda. Mwezi Agosti 2025 tulishaonja kidogo kwa CHAN: mechi ya ufunguzi Uwanja wa Benjamin Mkapa, nyingine Zanzibar kule Amaan, na fainali Kasarani, Nairobi. Watakuja wachezaji na mashabiki wanaosema Kifaransa, Kiarabu, Kireno, Kiingereza. Wengi watakuwa Wakatoliki wakitafuta Misa, na wengi watakuwa Waislamu wakitafuta msikiti, nao wanastahili kuelekezwa kwa heshima ileile.

Kijana anayetaka kujitolea aanze sasa. Namna yenyewe si ngumu:

Zungumza na paroko wako na mlezi wa vijana. Utume wa Kanisa ni wa kutumwa, mtu hajitumi mwenyewe.

Jifunze lugha moja zaidi, hata sentensi 50 tu za kumsaidia mgeni.

Jifunze kusikiliza bila kukatiza na kutunza siri. Ulichoambiwa kambini hakiendi kwenye status.

Jifunze taratibu za kuwalinda watoto na watu walio katika hatari. Penye umati na fedha, wabaya nao hufika.

Acha kubeti. Nasema hivi bila kuzungusha. Huwezi kumpenda mchezaji kama mtu wakati umemweka kwenye mkeka.

Utaniambia: “Frateri, kutoka Mbebe mpaka Dar ni karibu kilomita 1000, nauli nitatoa wapi?” Sawa. Lakini nani kakwambia mashindano ya kimataifa yako Dar tu? Vijana wa ng'ambo ya Mto Songwe wakivuka kuja kucheza na sisi, hiyo tayari ni mechi ya nchi mbili. Nenda Tunduma uone foleni ya malori: Wazambia, Wakongo, Watanzania wenzetu, watu wanaokaa siku kadhaa mbali na familia wakisubiri kuvuka mpaka. Anayeweza kukaa na dereva mpweke pale Tunduma anaweza kukaa na mchezaji kambini. Ni kazi moja.

Nitawapa mfano wa karibu. Golikipa mmoja wa huku kwetu alivunjika mguu kwenye fainali ya ndondo. Siku ile alibebwa na watu ishirini, nyimbo juu. Wiki ya pili walikuja watatu. Mwezi wa pili hakuja mtu, isipokuwa katekista mmoja mzee ambaye mpira wenyewe haujui vizuri. Kila Alhamisi alifika na redio yake ndogo, wanasikiliza habari za michezo, wanasali kumi moja la rozari, anaondoka. Kijana yule aliniambia: “Frateri, mzee alikuwa ananiuliza kuotea ni nini. Kila wiki ananiuliza. Nadhani alikuwa anajua, alitaka tu niongee.” Mzee yule hana kitambulisho cha shingoni, hajawahi kukanyaga Mkapa. Lakini utume wa kapelani anao wote.

Kwa hiyo jibu langu kwa kijana wa VIWAWA ni hili: Kanisa litakuwepo pale utakapokuwepo wewe. Kama hapa Mbebe tumezoea kumtembelea aliyevunjika mguu, tutajua la kufanya hata wakija Wasenegali. Kama hatujazoea, hata tukipewa fulana na kitambulisho tutaishia kupiga picha.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA KIKUNDI

1. Katika timu yetu au michezo ya shule (UMITASHUMTA, UMISSETA), ni nani ameumia au ameachwa, na nani amemtembelea mwezi huu?

2. Je, sala zetu kabla ya mechi ni sala, au ni kamati ya ufundi kwa maneno ya Kikatoliki? Tungesali vipi ili hata wapinzani waitikie “Amina”?

3. Soma tena 1 Wakorintho 9:22-27. Mimi najinyima nini, na kwa faida ya nani?

4. Mabinti wanaocheza katika parokia yetu wako salama, uwanjani na nyumbani? Tumewauliza?

AZIMIO LA WIKI

Kila kikundi kichague mtu mmoja: mchezaji aliyeumia, aliyeachwa kwenye usajili, au aliyekata tamaa. Mtembeleeni mara tatu, si mara moja. Msiende na ushauri. Nendeni na muda.

SALA

Ee Bwana Yesu, uliyetembea na wawili waliokata tamaa mpaka mioyo yao ikawaka tena, utufundishe kutembea polepole na walioanguka. Utuepushe kumtumia mtu kwa furaha yetu au kwa fedha zetu. Uwalinde wanamichezo wetu, wanaume kwa wanawake, viwanjani na majumbani mwao. Uwapumzishe kwa amani Rebecca na Agnes. Na siku mashindano yatakapofika kwetu, utukute tumeshazoea kufungua mlango. Amina.

Mtakatifu Paulo Mtume, utuombee.